Sanduku la Kunguni

Mfamasia aliliweka sanduku juu ya meza ya kukatia vitambaa taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyegoma kulala. Lilikuwa jeusi, zito, limevishwa kitambaa kigumu, na juu yake kwa herufi nyekundu liliandikwa jina letu: KUNGUNI. Chini yake, kwa herufi ndogo za adabu: Rekodi Zote.

Rekodi zote! Utadhani zilikuwa nyingi. Tulikuwa bendi ya roki ya watu wanne, hatukuwahi kualikwa mahali pale pale mara mbili, tukatoa kanda mbili, na ya tatu ikatafunwa na mashine nusu. Enzi hizo mashabiki wetu wote wangeingia kwenye basi dogo na kila mmoja akapata viti viwili vya kujinyoosha. Halafu tukavunjika, tukanenepa, tukawa watu wa heshima, na huku nyuma, bila sisi kujua, kanda zile zikaanza kutembea. Mtu akamnakilia rafiki yake, rafiki akazitupia mtandaoni, na siku moja nikiwa namfundisha mwanafunzi kurudi nyuma kwa vioo, maana mimi ni mwalimu wa udereva, kijana nisiyemjua akagonga dirisha la gari akaniuliza kama mimi ndiye yule dada Honi. Mwanafunzi akashtuka, akaparamia ukingo wa barabara. Honi lilikuwa jina langu la jukwaani. Sikuwa naimba, nilikuwa napiga kelele, na zilikuwa kelele nzuri sana.

Kijana huyo ndiye Mfamasia. Mchana anauza dawa za kikohozi, jioni anatuabudu. Ana kampuni ndogo ya kutoa santuri, na ofisi ya kampuni ni stoo ya duka lake la dawa, katikati ya maboksi ya pamba. Humo ndimo alimoamua kwamba dunia haiwezi kuendelea bila santuri tatu za Kunguni ndani ya sanduku moja, pamoja na kijitabu chenye picha na maelezo. Maelezo aliyaandika mwenyewe. Nitafika huko.

Siku aliyoleta sanduku la mfano tulikuwa tumekusanyika kwa Shangazi. Shangazi ni dada yake marehemu baba, ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu tangu tukiwa hatujui kufunga kamba za viatu. Ni mshonaji wa sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana: cherehani ya kukanyaga kwa miguu iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na ukutani yananing'inia mashati yasiyo na kola, yakingoja kola. Hata jina la bendi alitupa yeye bila kukusudia. Alitufokea siku moja: "Nyinyi ni kunguni! Mnalala kwenye kitanda changu na damu yangu ndiyo mnayoinywa!" Tukatazamana. Jina tulikuwa tumelitafuta wiki nzima.

Mdogo wangu ndiye mpiga gitaa. Tulimwita Kobe kwa sababu akipiga shingo yote ilizama ndani ya kola. Leo anauza magodoro, na wateja wake hatuwaambii jina la bendi. Mpiga besi wetu aliokoka, akawa mhubiri, na siku hiyo hakuja. Alikubali rekodi zitoke kwa sharti kwamba uso wake ufichwe kwenye picha, akaongeza kwamba ametusamehe, ingawa hakuna aliyekuwa amemwomba. Na kwenye dramu alikuwa Ngumi.

Ngumi sasa ni kinyozi, na lazima nimweleze vizuri kwa sababu yeye ndiye gwiji. Mimi mashabiki wananipenda, Kobe wanamheshimu, lakini Ngumi wanamsujudia. Sababu ni kimya chake. Karibu katika kila wimbo wetu, mambo yakiwa yamepamba moto, ghafla kila kitu kinakatika. Dramu hakuna, gitaa hakuna, mimi mwenyewe nimefunga mdomo, jambo ambalo si la kawaida. Halafu bila onyo dramu zinarudi, na sisi sote tunarudi nazo. Watu wameandika kurasa na kurasa juu ya jambo hilo. Mfamasia katika kijitabu chake alisema: "Kimya cha Ngumi ni swali ambalo jamii bado haijalijibu." Ngumi aliposoma hivyo alinunua miwani ya jua, na tangu hapo haivui hata akinyoa. Kuna wateja ambao masikio yao ni ushahidi.

Kijitabu hicho kilikuwa na mengi ya kuvunja mbavu. Kwenye picha ya juu ya sanduku tumevaa mashati ya shule yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mfamasia aliandika kwamba huo ulikuwa upinzani dhidi ya mfumo wa elimu. Ukweli ni kwamba Shangazi aliyakata mashati yale akiwa na homa, mwalimu mkuu akayakataa, na sisi hatukuwa na nguo nyingine zinazofanana.

"Karibu mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," Shangazi alimwambia Mfamasia, akatoa vile vikombe vya kabatini ambavyo sisi tuliolelewa humo hatujawahi kuruhusiwa hata kuvifuta vumbi. Siku hizi miguu yake inavimba na uzi anautia kwenye sindano kwa kubahatisha, lakini bado anashona. Alimmiminia chai, akasogea pembeni na birika lake.

Mfamasia akakohoa kidogo. "Kabla hatujasikiliza, nina habari njema. Mnakumbuka lile tatizo la cherehani?"

Tungeacha vipi kulikumbuka? Kanda zetu zote tulizirekodi humo humo karakana, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na soketi pekee isiyorusha cheche. Tulimwomba Shangazi aache kushona hata kwa saa moja tu. Akasema shule zinafunguliwa, na watoto wa watu hawawezi kwenda darasani uchi kwa ajili ya kunguni. "Nyinyi pigeni, mimi nishone. Chumba kitatutosha." Basi sisi tukapiga, yeye akashona, na katika kila wimbo, chini ya kelele zote, kuna tak-tak-tak-tak ya cherehani ikikimbia.

"Nimeitoa," alisema Mfamasia. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Kuna programu mpya ya kompyuta. Inaitambua sauti moja, inaing'oa, nyingine inaziacha. Nimehangaika nayo miezi mingi. Sasa mtawasikia Kunguni wenyewe, watupu."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna anayehitaji kutuona watupu, lakini Shangazi alikuwa amelitua birika sakafuni.

"Umeitoa kweli?"

"Haisikiki hata chembe, mama."

Shangazi alimshika mikono yote miwili, akalia. Sasa ni lazima ujue kwamba Shangazi halii. Siku ya kumzika baba hakulia, alirudi nyumbani akashona mpaka sindano ikavunjika. Nilisimama pale nikiwa sijui nimguse au nimwache.

"Mungu akupe maisha marefu, mwanangu," alimwambia. "Nilijua nitakufa na jambo hili."

"Jambo gani, Shangazi?" nikauliza.

"Yule bwana wa redio. Aliyewarudishia kanda."

Nilimkumbuka kwa mbali, mtu wa tai fupi kama ulimi.

"Alisimama pale mlangoni," Shangazi alisema. "Mimi nilikuwa jikoni. Akasema nyimbo zina moto, lakini ni nani atakayerusha cherehani hewani, mwambieni huyo mama anyamaze kwanza ndipo mje. Nilisikia kila neno. Haukupita muda mkaachana. Huyu akaenda kwenye magodoro. Wewe, na sauti yote hiyo uliyopewa, unawafundisha watu kukata kona. Mimi ndiye niliyewavunjia bahati yenu. Kwa ajili ya mashati!"

Sisi tulivunjika kwa sababu ya koti la ngozi. Kobe na Ngumi walilinunua kwa ubia, wakakubaliana walivae kwa zamu, na katika zamu yake Ngumi akalifua kwa sabuni ya unga na kulianika juani. Likatoka huko saizi ya mtoto. Walipigana pale pale barazani, hawakusemezana mpaka wakaota mvi, na bendi ikafia hapo. Bwana wa redio hakuwamo kabisa katika hesabu zetu.

Lakini kilichonichoma hasa ni kitu kingine. Shangazi ana tabia moja ya miaka na miaka: redio ikianza kupiga wimbo, anainua miguu kutoka kwenye kikanyagio, anaweka mikono mapajani, anangoja. Wimbo ukiisha, anaendelea kushona. Hata likiwa tangazo la dawa ya panya, mradi lina muziki, miguu juu. Tulimcheka sana kwa hilo. Nilikuwa namwigiza mbele ya wageni nao wanaangua kicheko, na yeye anacheka pamoja nao. Nilidhani ni adabu za watu wa zamani. Kumbe mama wa watu alikuwa anatumikia kifungo, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyemhukumu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Haya, weka tusikie," alisema, akijifuta uso kwa shati lisilo na kola.

Mfamasia akaweka kwenye simu yake wimbo wa kwanza, ule unaomhusu mwalimu mkuu na chawa wake. Kwanza nilivutiwa. Gitaa lilikuwa safi kama sahani iliyosuuzwa. Mimi nilisikika mpaka nikimeza mate. Kisha zikaingia dramu, na dramu zilikuwa zinachechemea. Zilikwenda, zikasita, zikakimbia kidogo, zikafanana na mtu anayevuka barabara na kubadili mawazo akiwa katikati. Kobe alikuwa mbele yake, mimi nyuma yake, besi sijui ilikuwa imekwenda kwa nani. Halafu kikafika kimya, kimya cha Ngumi, swali ambalo jamii haijalijibu. Kilikuwa kimya cha watu wanne waliosahau walikuwa wanafanya nini. Mtu mmoja alisikika akijikuna. Baadaye dramu zikarudi, bila sababu yoyote.

"Safi!" Shangazi alipiga makofi, nje ya mdundo. "Hata haisikiki! Loo, jamani, watoto wangu!"

Nilimtazama Kobe, akazamisha shingo. Nilimtazama Ngumi. Alikuwa amevua miwani.

"Shangazi, tunatoka kidogo," nikasema. "Mfamasia ameacha taa za gari zinawaka."

"Sina ga—" alianza kusema Mfamasia, nikamvuta kwa kola.

Tulisimama uani, kati ya mashuka yaliyoanikwa. "Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Sijagusa kitu! Nimetoa cherehani tu." Alikuwa karibu kulia naye. "Nilidhani ni masikio yangu. Nimezisikiliza mara nyingi mno, nikasema labda nimechoka."

"Weka ile ya zamani. Hapo hapo kwenye simu."

Akaiweka, tukaisogelea wote vichwa vikigusana. Tak-tak-tak-tak, na wimbo ule ule ukasimama wima. Dramu zilitembea kama askari. Kobe alikuwa mahali pake, nami mahali pangu. Na kimya kilipokaribia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaisikiliza cherehani badala ya kujisikiliza mwenyewe. Ilisimama yenyewe kwanza, kabla yetu sote, kwa kiasi cha kupepesa jicho. Kisha dramu zikasimama. Kisha sisi. Ndani ya kile kimya kitukufu kulikuwa na mlio mdogo wa kibati kikifunguliwa na kufungwa. Halafu tak, tak, tak-tak-tak, na dramu nyuma yake.

"Uzi wa chini," alisema Kobe taratibu. "Uzi wa chini ulikuwa umekwisha. Alikuwa anabadilisha."

Wote tukamgeukia Ngumi.

"Sasa mlitaka nifanyeje?" alifoka. "Gitaa la huyu lilikuwa limeniziba sikio hili. Wewe na mdomo wako mlikuwa mmeniziba hili. Kitu pekee nilichokuwa nakipata ni ile mashine. Ilikuwa inatambaa kwenye sakafu, inapanda kigoda, inanipata matakoni. Nikawa naifuata. Ikikimbia nakimbia, ikisimama nasimama."

"Na miaka yote hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mmeanza kuniuliza juzi, na mkaanza na habari za jamii!"

"Debe tupu haliachi kuvuma," nikasema.

"Basi aliyekuwa analivumisha ni shangazi yako," akanijibu.

Mfamasia alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Alinung'unika kitu kuhusu sura nzima ya kijitabu iliyokuwa na nukuu za wanafalsafa. Hakuna aliyemhurumia, tulikuwa na shida kubwa zaidi. Kiwanda cha santuri kilikuwa kinangoja jibu letu kesho yake.

"Tumwache," Kobe alisema. "Dada, umemwona alivyolia? Itoke hiyo hiyo safi. Mashabiki watakasirika, watapoa. Mwache afurahi siku zake hizi zilizobaki."

"Afurahi kwa nini? Kwa kusamehewa kosa ambalo hakulitenda? Aingie kaburini akimshukuru muuza dawa za kikohozi kwa kumfuta?"

"Basi nenda kamwambie. Mwambie tunairudisha cherehani kwa sababu ndiyo iliyotubeba. Unajua atakavyojibu? Atasema, 'Ahsante wanangu kwa kunifariji,' halafu ataingia chumbani."

Hapo alikuwa amesema kweli, na hakuna kitu kinachoniudhi kama mdogo wangu akisema kweli. Shangazi humpoozi kwa maneno. Ametumia maneno matamu kwa wateja maisha yake yote, anajua thamani yake. Nilizunguka yale mashuka mara kadhaa nikiwa na hasira na kila mtu, na zaidi na yule bwana wa tai fupi, ambaye pengine amekwisha kufa bila kujua alichokiacha mlangoni kwetu.

"Chukua gitaa lako," nikamwambia Kobe. Alikuwa amekuja nalo kwa ajili ya picha.

Tukarudi ndani. "Shangazi, tunataka kupiga kidogo. Kaa kwenye cherehani yako."

"Pigeni, wanangu, pigeni." Akaenda akakaa, akainua miguu kutoka kwenye kikanyagio, akaweka mikono mapajani. Mwili wake ulifanya hivyo wenyewe.

"Hapana. Shona."

"Mkiwa mnapiga?"

"Ndiyo, Shangazi. Shona."

"Niwaharibie tena? Ng'o!"

"Tunakuomba."

"Nimesema sishoni. Leo nimepumzika, nimetolewa, niacheni."

Basi nikafanya kile kitu nilichopewa jina kwacho. Nilivuta pumzi kutoka kwenye nyayo.

"SHONAAA!"

Vikombe vya kabatini vililia kwenye visahani vyao. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Shangazi alinigeukia taratibu, na uso ule niliujua, ulikuwa unanijia kila nilipochelewa kurudi nyumbani. "Unanipigia kelele mimi? Ndani ya nyumba yangu?" Na kwa hasira akanyakua mkono wa shati, akausukuma chini ya sindano, akakikanyaga kikanyagio kana kwamba ni mimi aliyekuwa ananikanyaga. Tak-tak-tak-tak.

Ngumi alikuwa na fimbo zake, huwa haziondoki mfuko wa nyuma, lakini hakuwa na ngoma. Akatupa macho huku na huko. Akalivuta sanduku, akamwaga santuri kwenye kochi, akalipindua.

"Si sanduku!" Mfamasia alipiga yowe. "Ni la mfano!"

"Mfano mzuri," alisema Ngumi, akaanza.

Alifumba macho, nyayo zote mbili zikiwa zimelala sakafuni. Akaipata cherehani, akaishika, akaifuata. Kobe akazamisha shingo na kuingia. Nami nikaanza kumtukana mwalimu mkuu na chawa wake, na naapa mbele ya yeyote kwamba tulisimama. Tulikuwa na vitambi, Kobe alikuwa anakosea nusu ya vidole vyake, sauti yangu ilikuwa imepata kutu, lakini walikuwa ni Kunguni, hai, wanauma.

Shangazi alishona ameinamisha kichwa na mabega yamempanda, kama mtu anayesubiri kugombezwa. Kisha akafika kwenye kona ya kwapa. Kila mshonaji hupunguza mwendo kwenye kona. Alipunguza, na sisi sote tukapungua. Akainua kichwa. Akainyoosha njia, akaongeza, tukaongezeka. Akatutazama kwa jicho la pembeni, akakanyaga kwa nguvu, tukaenda mbio mpaka Kobe akatoa neno ambalo halisemwi mbele ya shangazi. Ndipo akainua mguu.

Kimya. Kile chenyewe, cha kwenye kijitabu. Fimbo za Ngumi zilikuwa juu, mkono wa Kobe uko hewani, mimi nimeachama.

Shangazi alitutazama mmoja mmoja. Akaushusha mguu mara moja tu: tak. Ngumi akajibu: du. Akangoja. Tak, tak. Du, du. Akajifanya anataka kukanyaga, asikanyage. Ngumi akajikwaa mahali hapo hapo alipokaa.

"Haaa," alisema Shangazi.

Baada ya hapo alituendesha. Alituendesha kama mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza: mafuta, breki, mafuta, breki, bila huruma na bila kuonyesha ishara. Kobe alikaa chini. Mimi nilishika ukuta. Mwishowe Shangazi mwenyewe alishindwa kwa kicheko, akalilalia gurudumu la cherehani, mabega yakimtikisika.

"Kwa hiyo nyinyi," alisema akijifuta machozi, ya aina nyingine sasa, "bila mimi hamwezi hata kutembea?"

"Hatuwezi, Shangazi."

"Hata huyu wa miwani?"

"Mimi ndiyo kabisa, mama," alisema Ngumi, na kwa mara ya kwanza nilimpenda tangu lile koti.

"Na yule bwana wa redio?"

"Alikuwa mjinga," nikasema. "Wala hatukuachana kwa ajili yake. Tuliachana kwa ajili ya koti."

"Koti gani?"

Nikamsimulia, ubia, zamu, sabuni ya unga, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na kicheko kikamwisha. Akatazama miguu yake iliyovimba, muda mrefu, mpaka mbwa wa jirani naye akanyamaza.

"Koti," alisema. "Miaka yote hiyo nimekaa miguu juu, kumbe ni koti."

Mimi nilikuwa tayari kupiga magoti.

"Wapumbavu wakubwa," akasema Shangazi. "Si mngeniletea? Ningelikata, nikawashonea mawili."

Halafu akamgeukia Mfamasia, aliyekuwa analipapasa sanduku lake kuona kama limebonyea. "Wewe mwanangu. Nirudishie cherehani yangu."

"Nitairudisha, mama. Zile za mwanzo ninazo zote."

"Yote, hata pale uzi ulipokwisha. Na hapa," akalivuta sanduku, akagusa picha ya juu, "huyu aliyefichwa uso ni nani?"

"Mpiga besi. Ameokoka, hataki kuonekana."

"Kama hapatumiki, niweke mimi."

Na ndivyo lilivyotoka. Ukilipata sanduku la Kunguni leo, utaona watu wanne wenye mashati ya mikono isiyolingana, na mmoja wao ana mwili wa kijana mwembamba na kichwa cha mama wa makamo aliyekasirika, kilichokatwa kutoka picha ya kitambulisho. Mfamasia aliandika kijitabu upya. Wanafalsafa amewaacha, ila kuna sura ndefu sana juu ya uzi wa chini, na nasikia mashabiki wanaibishania hiyo vile vile. Ngumi wanaendelea kumsujudia, sasa kwa unyenyekevu wake. Mtu mwingine akiwa na bahati, hata aibu yake huota maua.

Juzi asubuhi nilikuwa na mwanafunzi, tukapita mtaa wa Shangazi, nikamwambia asimame. Nilipiga honi ya gari, hakuna aliyetoka. Nikaingia. Shangazi alikuwa dirishani ameinamia kola, na redio iko juu ya rafu, imewashwa, kile kijitaa chake kinawaka. Nilimwamkia shikamoo mara mbili, hakunisikia. Cherehani ilikuwa inakimbia. Redioni kulikuwa na mtu anaimba wimbo wake, pengine mzuri, pengine alikuwa ameuhangaikia mwaka mzima. Mimi sikuambulia hata neno moja.